Mbwa Wako Hahitaji Kuongezewa Kinga

Wiki jana nilifuta video yangu iliyofanya vizuri kuliko zote. Wale wa kitambo mnaikumbuka, ile ya vyakula vitano vya kuongeza kinga ya mbwa mwenye shida ya ngozi. Ilikuwa imepita watazamaji laki mbili na kusema ukweli ndiyo ilinilipia nyumba miezi miwili. Wengi mmeniuliza kwa inboksi kama niliripotiwa. Hapana. Niliitoa mwenyewe, na leo nawaambia kwa nini.

Kuna dada mmoja aliniandikia usiku. Alikuwa na mtoto wa mbwa wa miezi mitano ambaye manyoya yalikuwa yanatoka kuzunguka macho na kwa miguu ya mbele. Aliona video yangu. Akafuata kila kitu venye nilisema: maini, yai, manjano, mafuta ya nazi na kitunguu saumu kilichopondwa, kila siku, wiki tatu. Mbwa akaanza kulegea, fizi zikawa nyeupe. Wakati alimbeba kumpeleka kwa daktari, akafia njiani. Daktari alimwambia damu ilikuwa imeisha, kupe walikuwa wengi, na saumu haikusaidia kitu, maana kitunguu cha aina yoyote huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Hakunitusi. Hiyo ndiyo iliniuma. Aliniuliza tu, "Ama nilipima vibaya?"

Siwezi kusema kwa uhakika ni nini kilimuua huyo mbwa. Pengine ni kupe. Lakini najua wiki tatu zilienda wapi. Zilienda kwangu.

Sasa hebu nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna msee atauliza, "Kwani wewe ni nani wa kuongea mambo ya mbwa?" Mimi ni mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, nikanunua ring laiti ya mkopo, na niko na mbwa anaitwa Chapo. Ni koko wa kawaida wa mtaa, kahawia mwenye madoa meusi kama chapati iliyosahaulika kwa moto, ndio jina likatoka hapo. Tangu afike mwaka mmoja, Chapo amekuwa akijikuna. Anajikuna usiku mpaka mlango wa bati unalia. Anajilamba miguu mpaka inageuka rangi ya kutu. Masikio yananuka, tumbo lina vipele, na kila akipona wiki mbili, ya tatu tunaanza upya.

Ukiwa na mbwa kama huyo, kila mtu mtaani ni daktari. Jirani aliniambia nimpake oil chafu ya gari, eti ndiyo dawa ya wazee. (Tafadhali usithubutu. Hiyo ni sumu, inapita kwa ngozi na atailamba.) Fundi wa viatu akasema sabuni ya kipande. Jamaa wa kuuza chakula cha kuku akaniuzia unga fulani wa "kinga". Mtandaoni nako nikapata walimu wa nyama mbichi, walimu wa siki, walimu wa mafuta ya nazi. Nilijaribu karibu vyote, nikarekodi, nikapata watazamaji, na siku moja nikawa mwalimu pia.

Mwishowe mathe ndiye alichoka na kelele za usiku. Akanipa pesa ya chama akaniambia, "Wewe kijana, mpeleke huyo mbwa hospitali ama umtafutie nyumba nyingine."

Daktari wa mifugo niliyempata alikuwa mama mmoja asiye na haraka. Nikamwambia, "Daktari, nataka kitu cha kumuongezea kinga." Akacheka kidogo, halafu akaniuliza swali ambalo nataka nyote mnaosoma mjiulize leo: "Nani amekuambia kinga yake iko chini?"

Hapa ndipo nilijua video yangu ilikuwa bure kabisa. Sikilizeni vizuri.

Kuna mbwa ambaye kinga yake imeshindwa kazi. Karibu kila mbwa ana vijidudu vidogo sana vinaitwa Demodex vinavyoishi ndani ya vishimo vya manyoya bila kumsumbua. Mtoto wa mbwa ambaye kinga yake bado haijakomaa, au mbwa mzima aliyedhoofishwa na ugonjwa mwingine, hivyo vijidudu vinaongezeka kupita kiasi na manyoya yanatoka, mara nyingi usoni na kwa miguu ya mbele. Halafu kuna mbwa kama Chapo. Yeye kinga yake haijalala hata kidogo. Imechangamka kupita kiasi. Inaona vumbi, inapigana. Inaona poleni, inapigana. Inaona kipande cha nyama ya ng'ombe, inapigana kama imevamiwa. Hiyo ndiyo aleji, ama mzio kama tulivyofundishwa shule.

Kwa macho yako wewe na mimi, hao mbwa wawili wanafanana. Wote wana upara, wote wananuka, wote wanatia huruma. Lakini shida zao ni kinyume. Dawa kama prednisoloni, ambayo ilimtuliza Chapo siku za kwanza, ukimpa yule wa Demodex unamzidishia, kwa sababu inashusha kinga ambayo tayari imeshindwa. Ndio maana daktari alianza kwa kukwaruza ngozi na kuangalia kwa darubini kabla ya kuandika chochote. Dakika chache tu. Yule mtoto wa mbwa wa dada wa inboksi, miezi mitano, macho na miguu ya mbele? Darubini ndiyo kitu cha kwanza alichohitaji. Mimi nilimpa mapishi.

Kwa hivyo msimamo wangu wa leo ni huu, na mnaweza kubishana nami: neno "kuongeza kinga" lifutwe kabisa kwa kontenti ya mbwa. Halimaanishi kitu, na linafanya watu waendelee kuongeza vitu kwa sahani ya mbwa ambaye shida yake inaweza kuwa kile tayari kiko kwa sahani.

Kwa Chapo, kazi haikuwa kuongeza. Ilikuwa kutoa.

Daktari aliondoa kwanza vitu vya wazi: dawa ya viroboto na kupe, dawa ya maambukizi ya bakteria kwa ngozi, na kuoshwa na sabuni ya dawa. Halafu akaniambia njia ya kujua kama chakula kinahusika ni moja tu. Vile vipimo vya damu, mate au nywele vinavyouzwa kwa ajili ya aleji ya chakula haviaminiki. Unampa mbwa protini moja ambayo hajawahi kula maishani, na aina moja ya wanga, na hakuna kingine, wiki nane. Kwa nini nane? Kwa sababu zaidi ya mbwa tisa kati ya kumi wenye aleji ya chakula wanakuwa wameonyesha nafuu kufikia hapo. Ukikata wiki ya tatu useme "haifanyi", hujapima kitu.

Akaniuliza Chapo amewahi kula nini. Maze, hapo ndipo nilijua hatujui mbwa wetu. Nilianza na "ugali na omena". Halafu nikakumbuka mifupa ya ng'ombe. Matumbo. Vichwa na miguu ya kuku. Maziwa yaliyokatika. Mabaki ya pilau. Na chapati, kwa sababu kila mgeni akisikia jina lake anamrushia chapati akicheka. Samaki, ng'ombe, kuku, mbuzi wa Krismasi, maziwa, ngano, mahindi. Mbwa alikuwa amemaliza menyu ya Kenya nzima. Na tafiti zilizokusanya visa vya mbwa wenye aleji ya chakula zinaonyesha ng'ombe anaongoza, halafu maziwa, kuku na ngano. Yaani sahani ya Chapo kabisa.

"Sungura?" daktari akauliza. Hapana, hajawahi. "Ngamia?" Nilidhani anacheka. Hakuwa anacheka. Eastleigh ngamia anauzwa kila siku.

Kwa hivyo ndio hiyo, wasee. Wiki nane mbwa koko wa mtaa alikula ngamia na viazi vitamu. Vyote vimechemshwa, bila chumvi, bila mafuta ya kupikia, bila kitunguu, bila mchuzi wa pakiti. Tulichanganya na chakula cha zamani kidogo kidogo siku za kwanza ili tumbo lisishtuke, na wiki nane zikahesabiwa kuanzia siku alipobaki na ngamia na viazi peke yake. Kiasi kilipimwa na daktari kulingana na uzito wake, kilo 18, na alitupa madini na vitamini zisizo na ladha ya nyama, kwa sababu nyama na viazi tu havimtoshi mbwa muda mrefu. Nyama haina kalsiamu ya kutosha. Hiyo ni kitu watu wa "mpe nyama tu" hawawaambii.

Mnajua nini kilikuwa kigumu? Si ngamia. Ni watu.

Prednisoloni ya siku za kwanza humfanya mbwa asikie njaa na kiu ya ajabu. Chapo alikuwa anakaa chini ya meza akiangalia kila kijiko kama mtu anayedai deni. Mathe, ambaye ndiye alilipa hospitali, ndiye alivunja sheria wa kwanza. Wiki ya tatu nikampata anamrushia mfupa. "Ni mmoja tu, huyu mtoto ana njaa." Soja wa geti naye alikuwa anamgawia mandazi kila asubuhi, miezi na miezi, urafiki wao wa siri. Hata dawa ya minyoo tuliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa na ladha ya nyama ya ng'ombe.

Kila ukivunja, unarudi mwanzo. Tulirudi mwanzo.

Kilichotuokoa ni ndugu yangu mdogo, yuko gredi ya tano. Alichukua daftari ya hesabu iliyobaki kurasa, akachora mistari: tarehe, alichokula, mara alizojikuna wakati wa taarifa ya habari ya saa tatu. Hakukosa siku. Alienda kwa soja akamwambia na uso mkavu kabisa, "Uncle, ukimpa mandazi unaharibu utafiti wangu." Soja aliacha. Mathe alianza kuangalia hiyo daftari kila jioni kama matokeo ya mechi. Wiki ya kwanza ya mpango mpya, Chapo alijikuna mara 31 kwa taarifa moja. Wiki ya tano, wakati prednisoloni ilikuwa imeisha kitambo, mara 12. Wiki ya nane, mara 6.

Lakini hapo bado hujui. Inaweza kuwa ni hali ya hewa, inaweza kuwa ni ile sabuni. Lazima urudishe chakula cha zamani uone. Hiyo sehemu watu wengi wanaiogopa, hata mimi niliogopa, kwa sababu nani anataka kumrudisha mbwa wake kwa mateso? Tukarudisha kitu kimoja kimoja, hadi wiki mbili kila kimoja. Kuku: hakuna kitu. Chapati ya ngano: hakuna kitu, na mtaa ulifurahi. Ng'ombe: siku ya nne mlango wa bati ukaanza kulia tena usiku. Tukaacha, akatulia.

Ng'ombe. Yale mabaki ya bucha nilikuwa nampa kama zawadi.

Sasa msikie na hii, kwa sababu sitaki mtu atoke hapa na hadithi ya muujiza. Chapo hajapona. Chakula kilikuwa nusu ya shida. Nusu nyingine ni mwili wake kuchukia vumbi na poleni, na hiyo haina sahani inayoiponya. Msimu wa mvua akianza kulamba miguu, tunarudi kwa daktari. Anapata mafuta ya samaki kwa kipimo cha daktari, ambayo husaidia ngozi polepole, unasubiri hata miezi mitatu. Ataishi na hii kitu maisha yake yote. Lakini analala. Na sisi tunalala.

Najua venye komenti zitakuja, wacha nijibu mapema.

"Hiyo ni mambo ya watu wa Karen, sisi tunatafuta unga." Nakuelewa, mimi pia natafuta unga. Lakini nilipiga hesabu. Unga wa kinga, siki, mafuta ya nazi, sabuni tatu na dawa za duka za kubahatisha vilinimalizia karibu ngiri tisa kwa mwaka mmoja, na mbwa akazidi. Darubini na ushauri haukufika hapo. Na baada ya kujua shida ni ng'ombe, sinunui ngamia tena. Anakula kuku, viazi na mboga kidogo, na yale madini yake. Ule wakati wa gharama una mwisho. Kubahatisha hakuna mwisho. Kama ngamia na sungura wote wako mbali nawe, mwambie daktari ukweli wa mfuko wako, mtafute kitu mbwa wako hajawahi kula hapo ulipo.

"Mbwa wa cucu walikula ugali na waliishi." Ni kweli, na kama mbwa wako anakula ugali na ngozi yake iko fiti, endelea, sina ugomvi nawe. Ila hatukuwahesabu wale hawakuishi. Na kuna mbwa anayelishwa mahindi matupu ambaye ngozi yake inapasuka na kuota magaga kwa kukosa zinki, maana nafaka nyingi hushika madini mwili usiyapate. Huyo naye si mgonjwa wa kinga. Ni mgonjwa wa sahani tupu.

Na tukiwa hapo kwa unga: ile tabia ya kusema "unga umeshika ukungu, mpikie mbwa" iishe. Mwaka wa 2004 sumu ya aflatoksini kwa mahindi iliua watu 125 upande wa Mashariki, wengi Makueni na Kitui. Mbwa huumizwa na hiyo sumu haraka sana, inapiga ini. Unga ambao huwezi kula, mbwa wako hawezi pia.

"Mpe nyama mbichi, mbwa ni mbwa mwitu." Buda, mbwa anayetumia dawa za kushusha kinga ndiye wa mwisho kupewa bakteria wa nyama mbichi. Na matumbo mabichi ya kichinjio ndiyo njia ambayo mbwa hupata mnyoo unaoitwa Echinococcus. Yeye haugui, lakini mayai yanatoka kwa kinyesi chake, na binadamu akiyameza anaota uvimbe wa maji kwa ini au mapafu. Turkana ni kati ya sehemu ambazo ugonjwa huo umerekodiwa kwa wingi zaidi duniani. Chemsha. Na mfupa uliopikwa usimpe, unavunjika kama glasi.

Kwa wenzangu tunaotengeneza kontenti: najua "usimpe" haiuzi. "Vitu vitano vya kumpa" inauza. Mtu anataka kuonekana anafanya kitu, na sisi tunampa kitu cha kufanya, na matangazo yanalipa. Mimi nilikula hiyo pesa. Siwezi kuirudisha, na siwezi kumrudisha yule mtoto wa mbwa. Nilimjibu dada, nikamwambia ukweli, kwamba hakupima vibaya, mimi ndiye niliongea nisichokijua. Alisoma. Hakujibu, na ana haki yake.

Kwa hivyo hii ndiyo video mpya, bila video. Kama mbwa wako anajikuna, leo usimuongezee chochote. Chukua daftari, andika kila kitu kinachoingia mdomoni mwake wiki hii, pamoja na cha soja, cha jirani na cha watoto. Halafu beba hiyo daftari kwa daktari wa mifugo na umuombe aangalie ngozi kwa darubini kabla ya kukuuzia chochote. Akikataa kuangalia, tafuta mwingine.

Daftari ya ndugu yangu bado iko. Imefika ukurasa wa 64. Jana usiku aliandika: mara 4, na moja alikuwa anakuna sikio tu.